Kola Iliyokatwa kwenye Barua ya Chuo

Mwanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasha moto. Gauni la bibi harusi usiliguse, bado pindo.

Asubuhi nilichukua karatasi kwenye boksi langu la vipimo, nikachora kola ya shati, nikakata. Ndipo nikaona jina lako na mhuri wa serikali. Chuo kikuu, ada yote italipwa, kwa alama zako! Kumbe umeificha wiki mbili, ubaki hapa kumtungia uzi mama asiyeona tundu la sindano. Na akili zote hizo, unaficha barua kwa mtu anayekata karatasi kutwa?

~~Nimekasirika sana.~~ Nimelia kwanza, ndipo nikakasirika.

Mwisho wa kuthibitisha nafasi ni leo saa tisa. Barua nimeiunga kwa gundi, naenda nayo ofisi ya elimu kukushikia foleni. Njoo na kitambulisho, sahihi lazima iwe yako. Visingizio viache nyumbani.

Kabla hujatoka, tunga uzi kwenye sindano zote zilizo kwenye kimto. Ziko arobaini. Nikizitumia polepole, zitanifikisha mpaka likizo yako ya kwanza.

Mama yako