Ratiba Niliyompangia Siriaki

Jumatatu, 6 Januari

Nimeamka kabla ya alfajiri, kama nilivyoamka miaka yote kule utawani. Kengele haipo, mwili bado unaisikia. Nimetandika, nimefagia uwanja, nimesali. Siriaki hajatoka.

Kaka yangu ana miaka arobaini na amekuwa mzee. Tangu Odeta, mke wake, afariki akijifungua, na mtoto naye, hafanyi lolote. Analala ameelekea ukutani. Tumbaku imemezwa na majani. Watu wa Ulyankulu wamechoka kuja kumpa pole.

Mimi nilirudishwa nyumbani mwaka jana kwa sababu ya kifafa. Sina cha kumpa zaidi ya nilichofundishwa: kuamka kwa saa yake, kushika kila chombo kama ulichoazimwa, kula kwa utulivu, kufanya kazi iliyo mbele yako bila kuuliza itafika wapi. Mlezi wetu wa wanovisi, wasichana wanaoanza utawa, alituambia moyo hufuata mikono. Kuanzia leo nyumba hii ina ratiba.

Jumatano, 8 Januari

Ametii. Sikutarajia. Nimegonga chuma cha jembe bovu nje ya mlango wake, akatoka. Tumesali, yaani mimi nimesali, yeye amesimama. Tumepalilia mpaka jua likawa kali. Chakula cha mchana tumekula kimya. Amemaliza sahani.

Nimefurahi mno. Furaha ya namna hii inanitia wasiwasi.

Jumapili, 12 Januari

Misa. Kanisa limejaa, kwaya imeimba Kirundi cha wazee wetu waliokuja kama wakimbizi, na Kiswahili. Siriaki amevaa shati lililopigwa pasi. Nje, Mama Daforoza, jirani yetu, amenishika mkono. "Sista, umemfufua kaka yako." Wote bado wananiita Sista. Sijawahi kuwarekebisha.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye kazi duniani.

Jumatano, 15 Januari

Leo nimeogopa.

Nilibaki nyumbani kuchemsha maharage. Nilipofika shambani nilimkuta Siriaki yuko mbali, analima kwa nguvu, jasho linamtiririka. Nyuma yake hapakuwa na majani. Hapakuwa na tumbaku pia. Ameng'oa vyote, tuta baada ya tuta. Miche imelala chali, mizizi juu.

Nimepiga kelele. Akasimama, akanitazama bila hasira.

"Umesema nilime. Nimelima."

Hakuona tofauti. Siku zote hizi mikono ilikuwa inakwenda, yeye hayupo.

Alhamisi, 16 Januari

Sikugonga chuma. Ametoka mwenyewe akakaa kwenye kigoda karibu na jiko. Amezungumza maneno mengi kuliko ya miezi yote.

"Spesi, unazipanga siku zangu kama mtu anayepanga sahani kabatini. Sahani tupu. Zikipangwa vizuri zinashibisha?"

Nikamwambia avumilie, faida inakuja polepole.

"Kwako ilikuja?"

Nikasukuma kuni jikoni. Jibu ninalo. Haikuja. Miaka yote ile nilikaa katika ukimya nikingoja kitu kiujaze. Wenzangu walitoka kanisani nyuso zikiwaka. Mimi nilitoka na magoti yanauma. Niliposhikwa na kifafa na Mama Mkuu akaniambia nirudi nyumbani, nililia mbele yake. Nikiwa peke yangu nilipumua.

Hayo sijamwambia mtu.

Jumamosi, 18 Januari

Siriaki hayupo.

Simu ameiacha mezani. Kitanda kimetandikwa, shuka limevutwa pembe zote nne, kama nilivyomfundisha. Nimekitazama kitanda kile. Mtu anayetarajia kurudi hatandiki hivi.

Nimekwenda bwawani kwanza. Mungu anisamehe, ndiko nilikokwenda kwanza. Hakuna kitu. Mama Daforoza na mumewe wamepita porini hadi kwenye mizinga ya nyuki wakimwita. Sauti zao nilizisikia mpaka jioni.

Jumatatu, 20 Januari

Yuko hai. Kijana wa bodaboda amesema alimpeleka barabarani akapanda gari la Tabora mjini. Nimemfuata. Stesheni, mzee mmoja mpagazi amemkumbuka: mrefu, hana mzigo, alipanda treni ya kwenda Dar es Salaam.

"Shikamoo baba, aliaga? Alisema kitu?"

"Marahaba. Hakusema, mwanangu. Alikuwa anatazama reli tu."

Nimekaa kwenye benchi. Nimejaribu kusali. Maneno yametoka yote, kwa mpangilio. Hakuna aliyekuwepo ndani yake.

Jumatano, 22 Januari

Tura, kituo kidogo cha treni njia ya Dar es Salaam. Jana mama mmoja anayepeleka vitunguu huko alisikia nikiuliza stesheni. Akasema kuna mgeni kama huyo anapasua kuni kwa mama ntilie karibu na reli. Nimepanda treni bila kuamini.

Ni yeye. Amekonda. Aliponiona aliweka shoka chini, akanifutia benchi kwa kiganja.

"Nilikuwa nakwenda mbali," amesema. "Nikashindwa kukaa kwenye kiti. Nikashuka hapa."

"Turudi nyumbani, kaka."

"Sirudi. Kule hata mpini wa jembe una mkono wa Odeta."

"Hapa una nafuu?"

"Hapana." Akafikiri. "Ila hapa hakuna anayeniuliza."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, yote ya kufundishwa. Nimeyaacha. Nimemsaidia kupanga kuni. Mama ntilie ametupa wali, tumekula tukiongea habari za mvua, jinsi watu wanavyoongea.

Alhamisi, 23 Januari

Amenisindikiza kwenye treni. Sikumuuliza atakaa mpaka lini. Treni ilipoondoka hakupunga mkono. Sijui kama nitamwona tena. Nimeandika sentensi hii na sijaifuta.

Jumamosi, 25 Januari

Nyumbani. Sikuamka kusali. Nimelala mpaka jua likaingia dirishani, halafu nimelala tena. Nimekula ugali wa jana nikiwa nimesimama. Mama Daforoza amebisha hodi. Sikufungua.

Kama kuna kusudi la mimi kuwa hapa, halijaniambia jina lake.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua imekatika mchana. Nimekwenda makaburini. Mara ya kwanza tangu nirudi. Walizikwa nikiwa bado utawani; sikujua kaburi ni lipi, nimeuliza.

Odeta na mtoto wamelala pamoja, msalaba wa mbao, jina limeanza kufutika. Majani yamefika kiunoni. Nimepiga magoti kwenye matope nikaanza kuyang'oa. Sikusali. Udongo ulikuwa laini, mizizi ilitoka bila shida. Nilipomaliza upande mmoja nilijua kabisa kwamba kwa mvua hii yataota tena kabla ya mwezi kwisha.

Nikahamia upande wa pili.

Kiza kilipoanza kuingia nilisuuza mikono kwenye dimbwi, nikarudi nyumbani.