Pua ya Mjomba Eligio

Serralunga, 3 Machi

Mpwa wangu Ornella,

Anayekusalimu ni mtu ambaye, bila pua yake, kilima hiki kizima hakithubutu kutia divai chupani. Hatujambo. Theluji inayeyuka.

Jana nilionja pipa kubwa na jirani Gepin. Unaijua divai yetu, imepauka kama tofali kuukuu, wageni huidharau mpaka wainuse.

"Inanukia waridi na lami," nikatamka. "Ukakasi umelainika. Tujaze chupa Pasaka."

"Mzee, ukifa pua hiyo tutaizika peke yake," akasema Gepin.

"Na kaburi lake litalizidi lako."

Ila wewe wahi kuja kabla ya Pasaka, uinuse divai hiyo kwanza. Ni jasho letu la miaka mitatu, na kama imeanza kuchacha, chupa zote zitaharibika. Tangu mafua ya Januari sisikii harufu hata ya kitunguu saumu. Hayo ya waridi na lami mimi huyasema kila mwaka. Siku hizi tukionja humtazama mke wangu Delfina usoni nione kama ameipenda, ndipo nasema. Jana Delfina alikuwa kanisani, nikamtazama Gepin, kumbe Gepin alikuwa akinitazama mimi.

Mjomba wako,
Eligio