Kengele ya Mama

Ulyankulu
11 Juni 2024

Mdogo wangu Karoli,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini wewe na wifi Bernadeta hamjambo hapo Tabora. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu.

Nimeona niandike, maana tangu Pasaka tukipigiana simu tunaishia kugombana, na sina nguvu ya kugombana. Barua hii anakuletea Yustina wa kwaya, anakuja mjini na maharage yake.

Mama ameanguka. Usishtuke, hakuvunjika kitu, ila shavu limevimba na nyonga inamuuma. Alitaka kukifikia chombo cha kujisaidia peke yake. Ile kengele uliyomnunulia alipopata kiharusi, anayobonyeza kitufe kitandani ikalia ukutani sebuleni, haikulia. Betri zilikuwa zimekwisha. Siku hizi hazimalizi wiki mbili.

Umeme tunao tangu mwaka jana. Je, kengele ile haiwezi kutumia umeme wa ukutani? Wewe ndiye fundi. Ila usiniambie niilete huko, maana siwezi kumwacha Mama bila kengele hata siku moja.

Dada yako,
Benigna


Ng'ambo, Tabora
17 Juni 2024

Shikamoo dada,

Barua imefika, nimeisoma nimesimama kibandani. Pole sana, na Mama mpe pole yangu. Mpake mafuta ya karafuu kwenye nyonga. Sisi wazima, Bernadeta tu anasumbuliwa na mafua ya vumbi hili la kiangazi.

Kengele usiilete. Ninayo nyingine ya aina ile ile, nimeifungua mezani. Betri tatu zinatoa volti nne na nusu. Chaja ya simu inatoa tano, kwa hiyo nimeweka dayodi ndogo kwenye waya ili ipunguze kidogo, kengele isiungue. Kisha nimechonga vijiti viwili vya mninga, unene na urefu wa betri, kila kimoja kina skrubu upande mmoja tu na waya umeungwa hapo.

Nakutumia vyote pamoja na chaja. Fanya hivi. Toa betri zote. Chenye waya mwekundu kiweke nafasi ya kushoto, skrubu iguse kibati bapa. Chenye waya mweusi kiweke nafasi ya kulia, skrubu iguse springi. Katikati acha wazi. Ukishamaliza ndipo uchomeke chaja ukutani. Umeme ukikatika, toa vijiti, rudisha betri. Usichanganye betri na chaja kwa pamoja.

Jambo moja sijalielewa. Kengele ile muda mwingi inasikiliza tu, hailii. Betri nzuri zinafika miezi mitatu, labda minne. Hizo za wiki mbili unanunua wapi? Nitumie zile zilizokwisha siku ile nizipime, inawezekana mnauziwa feki.

Nitakuja kuwaona kazi zikipungua.

Mdogo wako,
Karoli


Ulyankulu
1 Julai 2024

Karoli,

Marahaba. Mzigo ulifika salama. Mara ya kwanza nilikosea nikaweka chekundu kulia, kengele ikanyamaza, nikadhani nimeiunguza, nikakaa chini nikalia. Kisha nikasoma tena karatasi yako, nikabadilisha, ikalia. Mama alicheka. Hajacheka siku nyingi, mdomo wake unacheka upande mmoja.

Sasa haikomi. Ananiita nimgeuze, nimpe maji, nifungue dirisha, nilifunge. Ananiita aniulize nani kapita barabarani na baiskeli. Jana aliniita aniulize kama Karoli amefika.

Betri ulizoomba hizi hapa, Yustina anazo kwenye kimfuko cha chumvi. Ndizo zilizokuwamo siku ile.

Dada yako,
Benigna


Ng'ambo
6 Julai 2024

Shikamoo dada,

Habari za huko? Mama anaendeleaje na nyonga?

Betri nimezipima. Nimezipima mara tatu, nikaazima na mita ya Alois, jirani yangu wa kibanda, nikidhani yangu imeharibika. Zote zina moto kamili. Nimeziweka kwenye kengele niliyo nayo hapa, inalia mpaka watu wanageuka njiani.

Betri hizi hazikuwa zimekwisha, dada. Na kengele yenyewe nzima, umesema inalia. Siku ile kulitokea nini?

Karoli


Ulyankulu
15 Julai 2024

Mdogo wangu,

Nilijua utazipima. Ndiyo maana nilizituma, kuandika mwenyewe nilishindwa.

Nilizitoa mimi. Hazikuwahi kuisha, hata hizo wiki mbili nilikudanganya.

Ilikuwa Jumamosi, mchana, tumemaliza kupukuchua mahindi. Tangu asubuhi alikuwa ameniita mara kumi na tisa. Nilihesabu, Mungu anisamehe. Mara ya kumi na tisa alitaka nimsogeze mto. Nikausogeza. Nikatoka, nikasimama mbele ya kengele pale ukutani, nikafungua kifuniko, nikazitoa betri zote tatu, nikazitia mfukoni mwa gauni. Nikaenda ghalani nikalala juu ya magunia. Nilisema nusu saa tu. Karoli, nililala kama niliyekufa. Nilipoamka jua lilikuwa limeshashuka kwenye migomba.

Nikamkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango, kifudifudi. Amejikojolea. Kitufe kimebaki kitandani. Sijui alikibonyeza mara ngapi kabla hajakata tamaa. Nilimwinua, nikamwosha, hakuniuliza kitu. Yustina alipokuja kumwona nikamwambia betri zimekwisha. Kisha nikakwambia na wewe.

Mwaka na nusu sasa namuuguza. Misa sijaenda tangu Kwaresma. Ukipiga simu unaniuliza Mama amekula nini, amelalaje. Sikulaumu. Ila hujawahi kuniuliza mimi nimelalaje.

Ule waya wako ni kazi nzuri. Kengele haizimiki tena, hata mimi siwezi kusingizia betri. Kila ikilia naiona sakafu ile. Nimechoka mpaka mifupa, na ninajiogopa. Ukitaka kunichukia, nichukie, lakini njoo.

Dada yako,
Benigna


Ng'ambo, Tabora
12 Agosti 2024

Mdogo wangu Karoli,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na Mama mmeamka salama. Mimi hapa kwenu sijambo.

Ulipokaa wiki mbili bila kunijibu nilijua umenichukia. Kisha nakuona unashuka kwenye basi na sanduku la vifaa na godoro, hata salamu hujamaliza unaniambia, "Dada, funga nguo zako, Bernadeta anakusubiri." Nikaenda kufunga nguo.

Siku tatu za kwanza nililala tu. Bernadeta alikuwa akiniamsha nile, kisha ananirudisha kitandani. Siku ya nne nikafua nguo zangu. Jana nimekwenda Misa, nikakaa nyuma kabisa, hakuna aliyeniita.

Lakini moyo haujatulia. Niliondoka bila kumwambia Mama ukweli. Nilimbusu kwenye paji la uso nikatoka. Naomba umsomee maneno haya, mimi siwezi kuyasema nikiwa namtazama:

Mama, siku uliyoanguka kengele haikuharibika. Mimi mwanao nilitoa betri ili nilale, ukaniita sikukusikia. Nisamehe.

Msomee polepole. Halafu niandikie alichosema, hata kama ni kibaya.

Dada yako,
Benigna


Ulyankulu
20 Agosti 2024

Shikamoo dada,

Sisi hatujambo. Nimeweka meza barazani, watu wananiletea simu na taa za sola. Leo sijafika mbali na kazi, mpaka saa sita nilikuwa nimeitwa mara kumi na nne, na mgongo unaniuma mahali nisipopajua. Wewe ulilima na kupika humo humo. Sielewi uliwezaje. Naona aibu kwamba niliwatumia kengele, nikaona nimeshamaliza wajibu wangu.

Barua nilimsomea Jumapili, amekwisha kunywa uji. Nilisoma polepole ulivyoagiza. Nikadhani hakuelewa, nikataka kurudia. Akaniinulia mkono ule mzima. Kisha akaongea kwa Kirundi, lugha ya kwao, unajua sasa kila neno analivuta. Nakuandikia kwa Kiswahili, sitaki kukosea hata moja.

Alisema, "Nilisikia akizitoa. Kengele iko nyuma ya ukuta huu, nilisikia kifuniko. Nikasema moyoni, afadhali, alale."

Nikamuuliza, "Sasa Mama, ulipohitaji chombo hukubonyeza?"

Akasema, "Sikubonyeza hata mara moja. Ningebonyeza na kengele isilie, ningesahau kwamba amelala, ningeanza kumwita kwa sauti. Nikajaribu mwenyewe. Sikujua mguu umekufa kiasi kile."

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia. Akasema angekwambia usingelala tena.

Dada, nilitoka nje nikasimama kwenye migomba mpaka nikatulia. Niliporudi akaniuliza hapo Tabora unalala wapi, kitanda au chini. Nikamwambia kitanda. Akauliza kama kina neti. Nikamwambia kinayo.

Nimekwisha zungumza na Alois, kibanda changu atakishika. Wewe kaa. Mvua zikianza uje kupanda, mimi nirudi kazini, na baada ya Krismasi tubadilishane tena. Hivyo ndivyo tutakavyoishi. Mama amekubali, ila ana sharti lake, amenishika mkono hapa niliandike mbele yake: usije kabla mvua hazijashika, na ukiwa huko asikuamshe mtu.

Mdogo wako,
Karoli