Tofali Lenye Kiganja cha Aida

Isansa, 14 Septemba 1957

Kwa kaka yangu Kasiani,

Salamu nyingi. Kifua chako vipi, na huo mgodi? Sisi huku wazima, mimi na Roda mwanangu. Kahawa imeanza kutoa maua.

Kaka, unakumbuka matofali ya dispensari tuliyoahidiwa na serikali. Tulifyatua na kuchoma wenyewe, kila nyumba na alama yake. Shemeji yako Aida alibandika kiganja kwenye udongo mbichi, ana mimba kubwa. Mwezi uliofuata uzazi ukamshinda, hospitali mbali, tukamzika na mtoto.

Mwezi wa saba Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya, alikuja barazani. Alisema watu wa chama cha siasa wanaleta ghasia, kwa hiyo hela ya dispensari imekwenda kwa polisi: askari wapya, lori na kituo. Mama Ferista akamuuliza hiyo ghasia iko wapi, maana yeye hapa ameona mbuzi tu wakipigana. Watu walicheka. Bwana Shauri hakucheka. Aliuliza jina lake, karani akaandika.

Kituo kinajengwa. Mimi kibarua pale, napanga matofali. Matofali yao yaliisha ukuta uko kiunoni. Kesho yake lori likashuka bondeni, tulikoyafunika kwa majani, likabeba yetu yote. Watu wanauliza nani aliwaonyesha. Wanamtaja Anania, kwa sababu anawapikia askari chai. Mahindi yake hayanunuliwi. Kanisani anakaa benchi peke yake.

Si Anania, kaka. Ni mimi. Msimamizi alisema matofali yameisha na kazi imeisha, twende nyumbani. Nikaogopa. Nikasema yapo.

Jana, kwenye ukuta wa mahabusu, nikashika tofali lenye kiganja cha Aida. Nikamwambia msimamizi hili silipangi. Akacheka, akasema tofali ni tofali. Nikaondoka nalo, akanifukuza kazi. Liko hapa ndani. Roda anaweka mkono wake pale, bado haukijazi kile cha mama yake.

Kesho Jumapili nasimama kanisani, nasema ni mimi, Anania akiwepo. Jumatatu naenda kwa Bwana Shauri na tofali langu, namwambia arudishe mengine, tujenge dispensari. Wakinifunga, watanifunga ndani ya matofali yetu wenyewe. Hapo uje umchukue Roda. Usiniandikie kunizuia, barua itanikuta nimeshakwenda.

Msalimie shemeji Jenista na watoto, na wote wa kwetu walioko huko mgodini.

Ni mimi mdogo wako,
Luka