Nyama Yako, Mifupa Yangu

Richardson, Texas. Jumapili, Agosti 2018 inaishia.

Joto la leo halisemeki. Mashine ya baridi inanguruma tangu alfajiri na bado nguo imenigandia mgongoni. Lakini nisilisingizie joto. Ni hasira. Nimeamka nayo, nimeswali nayo, nimekunywa chai nayo, na sasa naandika nayo.

Nataka kumpiga mtu.

Wala sisemi kwa mfano. Nataka kumkamata yule kocha kwa ukosi wa fulana yake, nimlaze kifudifudi kwenye zile nyasi zake za plastiki jua la saa nane, nimkanyage mgongo kwa viatu vyangu vya kazi, nimsikilize akiomba maji. Astaghfirullah. Nimeomba toba tangu juzi, na kila nikimaliza kuomba, hamu inarudi palepale ilipokuwa.

Mnaonisoma hapa mmezoea vituko vya basi langu la shule na mapishi ya nyumbani Mombasa. Leo hakuna pishi. Leo nisomeni tu, au niacheni.

Twalib, mwanangu wa kwanza, amelala chumbani ameelekea ukuta. Anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mkononi na kugongana vifua, katika chuo kimoja cha Houston nisichotaka kukitaja. Au alikuwa anacheza, sijui nisemeje. Wiki iliyopita alitoka hospitali. Kesho chuo kimetuita mbele ya watu wa kuchunguza, na Twalib ataulizwa alifanywa nini uwanjani. Akisema ukweli, kocha ana kesi ya kujibu. Akisema alizidiwa na joto, kama kocha anavyodai, basi keshokutwa kocha atakuwa na filimbi yake mdomoni, mbele ya watoto wa watu wengine.

Na mwanangu hasemi. Nikimuuliza ananijibu kwa Kizungu, kwamba ni joto tu, Mama, achana nayo.

Nianze pale tulipokosea, maana tulikosea.

Mwaka jana, majira ya baridi, kocha alikuja hapa nyumbani kumtaka Twalib kwenye timu yake. Jitu zima, shingo nene, sauti ya upole. Nilimpikia biriani na akala kwa mkono, akachafuka mpaka kifundo cha mkono, tukacheka naye. Nilimpenda, ndiyo. Baada ya chai Baba Twalib, mume wangu, akasimama, akamshika Twalib begani na kumsogeza kwa kocha. Akasema maneno ambayo baba yake aliyasema siku alipompeleka yeye madrasa.

"Nyama yako, mifupa yangu."

Twalib alitafsiri huku akicheka kwa aibu. Kocha akaomba arudiwe. Akaitikia kwa kichwa, macho yamemng'aa, akampa Baba Twalib mkono kwa nguvu. Tukaona kaelewa. Tukaona, lo, kumbe Wazungu nao wana adabu ya kukabidhiwa mtoto.

Kwetu maneno yale huambiwa maalim. Maana yake: mfunze, mrudi akikosea, lakini mwisho wa siku mtoto ni wangu na nitamdai mzima. Na maalim unayemwambia hivyo unamjua. Mnapanga safu moja msikitini, mkewe anakuja kwako kuazima kinu. Maalim wa Baba Twalib aliwahi kumchapa bakora mpaka damu, na jioni ile ile bibi yake mzaa baba akaenda kusimama mlangoni kwa maalim, hakusema neno, kasimama tu na buibui lake, mpaka maalim, mtu mzima, akatoka na kuomba radhi mbele ya mtaa mzima. Hiyo ndiyo mifupa. Sasa mimi kwa kocha nikasimame mlango gani? Anakaa nyuma ya geti lenye mlinzi, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka hapa.

Yaliyotokea uwanjani sikuambiwa na Twalib. Niliambiwa na Inosenti, mchezaji mwenzake, kijana wa Kirundi aliyekulia Haltom City, huku kwetu upande wa Fort Worth. Aliniambia ukumbini hospitalini, anaangalia sakafu.

Pembeni ya uwanja wana shimo la mchanga. Anayekosea anaingizwa humo, na wenzake wanamvamia mmoja baada ya mwingine, ngumi, viwiko, magoti, na hatoki mpaka kocha atosheke. Maji hapewi. Kosa la Twalib ni kuchelewa mkutano wa asubuhi. Walimpiga hadi akatapika ndani ya ile kofia ngumu. Kocha akaingia mwenyewe, akakishika kile chuma cha mbele ya uso, akamburuta nacho nje kama mbuzi wa kuchinjwa, shingo imepinda. Akamwambia atambae uwanja mzima kwa viganja. Nyasi za plastiki Agosti hii, jamani. Ngozi ya viganja vya mwanangu ilibaki kule. Alipoanguka, kocha akamwekea mguu mgongoni, akawageukia wachezaji akawauliza: nyama ya nani? Na wote wakaitikia kwa sauti moja: ya Kocha!

Nilimwambia Inosenti arudie. Akarudia. Akasema ndio wito wao tangu mwaka jana, mtu akiwa shimoni. Hawajui umetoka wapi.

Mimi najua. Umetoka sebuleni kwangu, umetoka kwenye biriani yangu.

Inosenti ndiye aliyevunja safu. Wakubwa zake wamesimama, mtu wa huduma ya kwanza kasimama na begi lake, yeye akaruka, akamtupa Twalib begani, akakimbia naye hadi kwenye pipa la barafu, huku anapiga kelele waite ambulensi. Tulipofika Houston, mkojo wa mwanangu kwenye mfuko ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Daktari alisema misuli ilipasuka, uchafu wake ukaingia kwenye damu na kuziba figo. Walimwekea mashine ya kuosha damu. Figo sasa zinarudi, alhamdulillahi, polepole.

Mama Inosenti alikuja hospitalini kwa mabasi ya kuunganisha, na maharage kwenye bakuli. Ni Mkatoliki kindakindaki. Alikaa upande wa pili wa kitanda na rozari yake, mimi na tasbihi yangu upande huu, tukamgawana Twalib hivyo kwa siku kadhaa. "Usilie, dada," alikuwa ananiambia, "Mungu iko, na mtoto iko anapumua." Kazi yake ni kufungasha mizigo ghalani, miguu imemvimba, na bado alikuwa ananitafutia kiti. Siku moja nikamuuliza pua ya Inosenti imepindwa na nini, maana ni kijana mzuri wa sura. Akasema aliivunja msimu wa mazoezi ya Machi, kwenye mchezo. Watoto wa mpira hawa, akasema, akacheka.

Ijumaa, kocha akapiga simu. Hakunipigia mimi. Alimpigia Baba Twalib, na Baba Twalib akaweka sauti nje ili nisikie. Upole ule ule. Akasema anamwombea Twalib. Akasema Jumatatu kwenye kikao asingependa aibu imfike mtu yeyote. Halafu akasema: lakini kumbuka, bwana, wewe mwenyewe ulinipa. Ulisema nyama ni yangu. Mwanao alitafsiri, wasaidizi wangu walikuwepo.

Baba Twalib alishika simu mpaka ikakatika yenyewe.

Mimi nilishika sahani.

Ilipasukia ukutani, karibu na kichwa chake. Nikashika ya pili. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mume. Nilimwambia wewe ndiye uliyemchinja, yule alichuna tu. Nilimwambia mimi nabeba watoto wa watu kila siku, wananitukana, wananirushia maganda ya machungwa kisogoni, na nikimshika hata mmoja mkono kwa nguvu, basi siku hiyo hiyo narudisha ufunguo na kesho niko nyumbani bila kazi. Mimi, dereva! Na yule anakanyaga mgongo wa mtoto mbele ya timu nzima na anapigiwa makofi. Na ruhusa kaipata kwako!

Mume wangu si mtu wa maneno. Alipiga magoti akaanza kuokota vipande. Kimoja kikamkata kidole, akaendelea kuokota. Nilikwenda kulala bila kumwambia pole. Jana kutwa hatukusemeshana.

Leo baada ya Adhuhuri alikuja jikoni, akamimina uji kwenye bakuli, akaenda nao chumbani kwa Twalib. Nikamfuata. Nilisimama mlangoni, nimejiandaa kugombana tena, nisidanganye.

Alikaa kitandani. Akaweka mkono wake, ule wenye plasta, juu ya kichwa cha mwanawe.

"Twalib. Niliyasema yale maneno kwa mtu asiyestahili. Leo nayarudisha. Nyama yangu, mifupa yangu. Yule hana hata unywele wako. Kesho useme usiseme, hiyo ni juu yako, lakini usinyamaze kwa sababu yangu. Unisamehe, baba."

Nimeishi naye miaka yote hii na sijawahi kumsikia akimwomba mtoto msamaha. Hasira yangu juu yake ilinitoka papo hapo, kama upepo kwenye tairi, nikabaki nimeshika mlango.

Twalib aligeuka kutoka ukutani. Nikadhani sasa atalia, kisha atasema, mambo yaishe. Akasema, na kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu darasa la pili hatujibu ila kwa Kizungu.

"Baba, si kwa sababu yako. Hata mimi nilipiga."

Machi, Inosenti alikuwa shimoni. Aliangusha mpira mazoezini, basi. Twalib alikuwa wa tatu kuingia. Inosenti alikuwa keshachoka, mikono imeshuka, kofia kavuliwa. Alimwambia kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe: Twalib, basi, ndugu yangu. Na Twalib akampiga kiwiko cha uso. Anasema alisikia mfupa ukivunjika. Anasema damu ilimrukia mdomoni. Na kocha alipouliza nyama ya nani, yeye ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, maana macho ya kocha yalikuwa kwake na moyoni aliona fahari.

"Ndiye aliyenibeba, Mama," akasema. "Mimi nilimvunja, na yeye akanibeba. Nikienda kusema kocha alinifanya nini, wataniuliza na mimi nilifanya nini."

Kumbe siku zote hizi hakuwa anamlinda kocha.

Sikujua pa kuiweka ile hasira. Tangu Ijumaa ilikuwa na anwani moja, imenyooka kama barabara ya Houston. Sasa iko hapa kitandani imevaa bandeji viganjani, na nimeizaa mimi. Nilitamani kumzaba kofi. Nasema kweli. Mkono uliinuka. Halafu nikaona jinsi alivyofumba macho na kukaza shingo akilisubiri, bila kujikinga, kama mtu aliyefunzwa kupigwa, nikaushusha mkono. Nikachukua lile bakuli la uji, nikamlisha kijiko kwa kijiko. Baba Twalib akatoka kwenda kutawadha, ingawa haukuwa wakati wa sala.

Amekula wote. Kisha akasema kesho atasema yote. La shimo, la mguu mgongoni, la wito, na la kiwiko chake. Nikamwambia watamfukuza na yeye. Akasema wamfukuze.

Nimeomba ruhusa kazini, basi langu litapata dereva mwingine. Gari nitaendesha mimi, Baba Twalib kidole kinamuuma na moyo pia. Mama Inosenti anakwenda nasi, tulikubaliana tangu hospitalini. Amenitumia ujumbe wa sauti sasa hivi, anacheka, anasema amepika maharage ya njiani na chapati za kutosha, na dada nisihangaike kupika chochote.

Twalib aliusikia ule ujumbe. Akaniomba tutoke mapema zaidi. Anasema wale wa Houston watasubiri, yeye ataanzia Haltom City, mlangoni kwa Mama Inosenti, na nisimsaidie kusema.

Kwa hiyo kesho atafungua mlango yule mama, na bakuli lake mkononi na tabasamu lake, ataniita dada. Nimekuwa nikitafuta mlango wa kusimama tangu wiki iliyopita. Nimeupata, na mimi ndiye upande wa kuomba radhi.

Nitamtazama vipi?