Mchanga wa Kutuliza Jeep

Gisèle, maharagi iko kwenye mbabula, usiache iungue. Mudogo wako Wilfried asitoke.

Asubuhi nilimupatia fundi wa kujenga ile mifuko mine ya mchanga iliyokuwa nyuma ya jeep. Nilifikiri papa yenu amenisikia, njo ameniletea mchanga wa kujenga jiko nililomuomba. Sasa hivi Papa Symphorien wa garaji ananiambia ulikuwa wa kutuliza zile resori ngumu za magurudumu: jeep ikiwa tupu inaruka, na kwenye kona nyuma inahama. Papa yenu ameenda Niemba nayo tupu. Simu yake haishiki.

Ninapanda pikipiki, ninamufuata.

~~Akifika kabla yangu, musimuambie ni miye.~~

Mumuambie ni miye. Anigombeze mpaka kesho, ila arudi.

Mama