Uani, Chini ya Kapeti la Nyasi

Daraja Mbili,
Arusha.
14 Mei, 2024.

Mpendwa kaka Elisaria,

Shikamoo. Habari za Mtwara, na wifi na watoto hawajambo? Mguu wako umepona? Sisi tunapumua, ila masika yametuchosha na Meru hatujauona karibu wiki nzima.

Lile kapeti la nyasi bandia ulilotuwekea uani wakati wa Krismasi nalitunza kama ulivyoniagiza. Kila Jumamosi naokota majani, nasugua kwa brashi ngumu kinyume na nyasi zilivyolala ili zisimame, kisha nasuuza kwa maji ya sabuni. Anapokojoa mbwa nanyunyiza siki. Majirani wanalisifia.

Lakini tangu Pasaka kuna mahali karibu na jiko pamenitia wasiwasi. Harufu haitoki hata nisugue vipi. Maji nikimwaga hapo hayatuami wala hayaendi kwenye mfereji, yanazama tu. Nikikanyaga pananepa kama godoro. Nilidhani mchanga wa chini umehama, nikaongeza mwingine. Asubuhi nao haukuwepo.

Jumamosi iliyopita mwanangu Brightness alikuwa anaruka kamba hapo hapo. Mama akatoka jikoni na sufuria, akaniuliza mbona nimekunja uso. Nilipomweleza, akaitua ile sufuria chini.

"Mtoe mtoto hapo," akasema. "Mtoe sasa hivi, Ndeshi."

Kumbe ndipo palipokuwa na choo cha shimo cha zamani, kabla hatujazaliwa. Marehemu baba alikifunika kwa magogo na udongo, akasawazisha, basi. Hakuna aliyefikiria kutuambia.

Nilimwita jirani yetu Sumari, tukabandua ukingo wa kapeti tukafunua. Kaka, magogo yameoza yote. Palibaki udongo mwembamba kama chapati, umepasuka katikati, na chini yake giza. Sumari alidondosha jiwe. Tulingoja kulisikia likigonga chini, hatukulisikia.

Tumezungushia mabati. Fundi alikuja juzi, akatazama kwa mbali, akakataa kusogea. Anasema shimo linapanuka kuelekea jikoni, tuhame mpaka mvua zikatike. Brightness nimeshampeleka kwa mama mdogo Penina, kule Olmotonyi. Mama hataki. Anasema hawezi kukimbia shimo alilolichimba mumewe.

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu Mama ananinyang'anya na kukwambia hakuna tatizo. Barua hii nitaipiga picha nikutumie. Wewe anakusikiliza. Mpigie leo, mwambie aondoke.

Nimeamka leo nikamkuta anausukuma mlango wa jikoni kwa bega. Umegoma kufunga. Jana ulifunga vizuri.

Msalimie wifi Nancy, wabusu Joel na Nice. Mama mdogo Penina anakusalimu. Mungu awalinde huko mliko, nasi atushike hapa tulipo.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Ndeshi